Sharti na Ruhusa katika Maelezo ya Misimbo ya Makosa ya Lugha ya C

Maelezo ya kiufundi yanayoambatana na programu za kompyuta hudhaniwa na wengi kuwa ni suala la msamiati tu: likipatikana neno la "faili" na neno la "msimbo", kazi ya mwanalugha imekwisha. Dhana hiyo haina msingi. Ugumu mkubwa wa maandishi hayo umo katika vitenzi, nao hudhihirika zaidi pale yanapoeleza makosa.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina njia maalumu ya kutangaza kosa. Fankisheni, yaani kipande cha programu kiitwacho kwa jina lake ili kifanye kazi fulani, humrejeshea mwitaji thamani. Inaposhindwa, aghalabu hurejesha thamani ya kipekee, kama vile -1 au NULL, na namba ya sababu huwekwa mahali paitwapo errno. Kwa mfano, fopen, ambayo hufungua faili, hurejesha NULL inaposhindwa. Na katika mifumo inayofuata kanuni za POSIX, errno hupewa thamani ENOENT ikiwa faili itakiwayo kusomwa haipo.

Mwandishi wa Kiswahili angeweza kuandika: "Fopen ikirejesha NULL, errno huonyesha sababu." Sentensi hiyo ni fasaha, lakini haitoshi, maana haimkatazi msomaji kudhani kwamba errno yaweza kutazamwa peke yake. Kanuni ya C inasema wazi kwamba hakuna fankisheni ya maktaba inayoirudisha errno kwenye sifuri. Namba iliyoachwa na kosa la awali hubaki palepale. Programu inayoiuliza errno bila kuchunguza kwanza thamani iliyorejeshwa itaripoti kosa ambalo halikutokea. Kiambishi -ki- peke yake hakiubebi mpaka huo. "Iwapo tu" huubeba.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Kanuni za POSIX, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huyagawa makosa ya fankisheni kwa maneno mawili ya Kiingereza, "shall" na "may". Katika toleo la 2008, kosa la faili kutokuwapo liko chini ya "shall", ilhali EINVAL, yaani kutaja namna isiyo halali ya kuifungua faili, iko chini ya "may". Tafsiri ya haraka ni "itashindwa" na "inaweza kushindwa". Ya kwanza ni utabiri, si sharti. Ya pili ina maana tatu: uwezo, uwezekano na ruhusa, na msomaji wa kawaida ataishika ile ya uwezekano, adhani kwamba kosa hili hutokea mara chache. Kutumia "huenda ikashindwa" ni kuongeza giza. "May" ya hapa haisemi lolote juu ya uchache wala wingi. Ni ruhusa anayopewa mtengenezaji wa mfumo. Akipenda ataligundua kosa na kuliripoti. Asipopenda, hana lawama. Mtunga programu aliyeitegemea EINVAL kama bawabu ataiona programu yake ikienda sawa katika mfumo mmoja, kisha ikihamishiwa mwingine, kosa lilelile likapita kimya.

Kiswahili hakikosi nyenzo. Ingefaa kuandikwa hivi: "Sharti fankisheni hii ishindwe na kutoa ENOENT, iwapo faili itakiwayo kusomwa haipo. Mfumo unaruhusiwa, lakini haulazimiki, kuifanya ishindwe na kutoa EINVAL, iwapo namna ya kuifungua faili iliyotajwa si halali." Ni kweli kwamba "sharti ishindwe" humchekesha anayeisikia mara ya kwanza, kana kwamba kushindwa ni wajibu. Lakini ndivyo ilivyo hasa.

Majina kama ENOENT yasitafsiriwe, kwa kuwa ni sehemu ya programu yenyewe. Wala namba zisishike nafasi yake: EAGAIN ni 11 katika Linux ya kompyuta za kawaida, na 35 katika macOS. Kinachostahili kutafsiriwa ni ujumbe anaousoma mtumiaji, na hapo pia pana mtego. Katika Unix ya zamani, ujumbe wa ENOTTY ulisema kwamba kifaa si taipureta, nao uliwatokea watu ambao hawakuwa na taipureta yoyote karibu.