Mkono wa Mtoto Chini ya Taa

Kisiwa cha Pemba kina watu zaidi ya laki tano, na watoto ni sehemu kubwa mno ya hesabu hiyo. Hata angepatikana bingwa wa ngozi za watoto akakaa Chake Chake kutwa nzima, wa Micheweni na Makangale wangemfikia wachache tu. Kwa hiyo naona kazi yake kubwa zaidi ni kufundisha. Moshi walilitambua hili mapema: mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi, ambako matabibu na wauguzi wa nchi mbalimbali za Afrika husomea kazi ambayo makwao hakuna bingwa wa kuifanya.

Chukua upele. Mdudu wake ni mdogo mno, lakini njia anayochimba huonekana: kijistari chembamba katikati ya vidole au penye kiwiko cha mkono, na kwa mtoto mchanga hata nyayoni. Mwanafunzi akioneshwa vizuri chini ya taa, hatakisahau. Afundishwe pia kumuuliza mama ni nani mwingine nyumbani anayejikuna usiku, maana akipakwa dawa mtoto mmoja, wakaachwa nduguze wanaolala naye, upele utarudi. Na vidonda vya kukunwa vikiingia vijidudu, madhara yaweza kufika kwenye figo.

Kuna watakaosema dawa za kugawa kwa umma zinatosha. Ushahidi wao ni mzito: Zanzibar iligawa ivermectin na albendazole dhidi ya matende kuanzia 2001 hadi 2006, na kumbukumbu za vituo 50 vya afya zikaonesha wagonjwa wa upele wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Lakini ivermectin katika ugawaji huo haipewi mtoto asiyefikia kimo cha sentimita 90, na hao wadogo ndio upele huwatesa sana. Wengine wanahofia tabibu wa kituoni atachanganya baka la ukoma na choa. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni mafunzo yaleyale. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi: mtoto afumbe macho, aguswe kwa ncha ya pamba, aoneshe alipoguswa. Akishindwa, apelekwe hospitali mara moja. Dawa za ukoma hutolewa bure, na anayezianza mapema hupona kabla vidole havijapinda.