Karen: Mtaa wa mabwanyenye uliozaliwa na kahawa iliyokataa kustawi

MTAA wa Karen, ulio kusini magharibi mwa jiji la Nairobi, unasifika kwa majumba ya kifahari na ua zenye miti mirefu. Hata hivyo, si wengi wanaofahamu kwamba mtaa huo ni zao la shamba lililofilisika.

Mnamo 1914, Karen Blixen, mwandishi mzaliwa wa Denmark, aliwasili nchini na kuanza maisha ya ukulima karibu na milima ya Ngong. Kampuni ya Karen Coffee, iliyoundwa 1916 kwa fedha za jamaa zake, ilimiliki takriban ekari 6,000. Kati ya hizo, ekari zipatazo 600 pekee ndizo zilizopandwa kahawa.

Tangu mwanzo mambo yalienda mrama. Shamba lilikuwa zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi kali kwa mikahawa. Ukame, moto ulioteketeza kiwanda 1923 na kuporomoka kwa bei vikaizidishia kampuni madeni.

Mwaka wa 1931 shamba liliuzwa kwa mstawishaji wa Nairobi, aliyelikata vipande ili wanunuzi wajenge nyumba. Eneo hilo likaitwa Karen. Blixen mwenyewe aliamini kwamba limepewa jina lake, ingawa wapo wanaoeleza kwamba jina la kampuni lilitokana na binamu yake, Karen, bintiye mwenyekiti wa kampuni hiyo.

Waliopata pigo kubwa zaidi ni maskwota Wakikuyu. Chini ya sheria ya 1918, skwota aliruhusiwa kulima na kufuga katika shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hakuwa na haki ya kumiliki ardhi hiyo, hivyo iliponunuliwa, alitakiwa kuhama.

Familia hizo ziliomba zisitawanywe. Blixen alibisha hodi katika ofisi za serikali ya kikoloni hadi zikatengewa sehemu ya msitu wa Dagoretti.

Nyumba aliyoishi ingalipo. Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya baada ya uhuru, na tangu 1986 ni makavazi ya kitaifa. Wageni huonyeshwa humo samani na picha za enzi hizo. Walioitunza mikahawa, hata hivyo, hawakuachiwa jina lolote kwenye ramani ya mtaa huo.