Zebaki: Sumu Inayorudi Katika Sahani Yako

Jioni moja kijana anarudi nyumbani kutoka machimbo. Ana kitonge kidogo cha zahabu iliyoshikwa na zebaki. Anaomba mama sufuria, anaiweka juu ya makaa, moshi unapanda. Zahabu inabaki njano, wote wanafurahi. Kesho yake sufuria ile ile inapika chakula cha watoto. Je, jambo hili halijatokea kwenu?

Zahabu ilivumbuliwa huko Kilo mwaka 1903. Mpaka leo jamaa nyingi za Bunia, Iga Barrière na Mongbwalu zinakula kwa njia yake. Hatusemi kazi hii iachwe. Tunasema juu ya zebaki, kile chuma cha majimaji ambacho wachimbaji huita merkure.

Inafanya nini majini?

Zebaki inashika chembe ndogo za zahabu. Ndiyo sababu inapendwa. Lakini sehemu yake inamwagika pamoja na maji ya kusafishia. Ile inayochomwa inapanda kama moshi, kisha inaangukia mashamba na mito. Ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi, basi inazama katika matope.

Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi. Wadudu wa majini wanaimeza. Samaki wadogo wanakula wadudu, nao wanaliwa na wakubwa. Kila mlaji anaongeza sumu mwilini, kwa maana haitoki upesi. Samaki mkubwa anayekula wenzake anaweza kuwa na sumu mara mamia elfu kuliko maji anamoishi. Samaki mwenye sumu hiyo anazaa vibaya na anachelewa kukimbia adui. Tena matope ya machimbo yanaziba mashavu yake na kufunika mayai.

Mto haukai mahali pamoja. Mto Shari unaopita Bunia unaingia Ituri. Ituri unakuwa Aruwimi, nao unaingia Mto Kongo kule Basoko. Tunachomwaga sisi, wengine wanakinywa.

“Haiue mutu”

Wengine husema: “Merkure haiue mutu, tunaitumiaka kila siku.” Ni kweli, ukiishika leo hutaanguka leo. Lakini sikiliza habari ya Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa wa watu ulitangazwa: mikono ilitetemeka, macho hayakuona vizuri, ulimi ulikuwa mzito. Mama wengine walionekana wazima, lakini watoto wao walizaliwa na ubongo ulioharibika. Sumu ilipita tumboni.

Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano juu ya zebaki, nayo yakapewa jina la mji huo. Kuchoma zebaki wazi na kuichoma karibu na nyumba za watu ni kati ya mambo yanayotakiwa kukomeshwa.

Ufanye nini?

1. Usichome zebaki nyumbani, wala mbele ya mama mwenye mimba au mtoto. Sufuria iliyochoma zebaki isirudi jikoni kamwe, hata ikioshwa.

2. Tumieni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba. Moshi unapoa ndani na zebaki inarudi kutumiwa tena. Mchimbaji hapotezi feza, na pafu lake linapona. Chombo hiki nacho kiwe mbali na nyumba.

3. Usimwage maji ya zebaki mtoni. Yaweke katika shimo lililofunikwa udongo wa mfinyanzi, mbali na kisima.

4. Samaki ni chakula kizuri, msimwache. Lakini mama mwenye mimba achague wadogo kuliko kambale mkubwa wa mito ya machimbo. Kupika au kukausha kwa moshi hakuondoi sumu hii.

Kijana, wewe unayeshuka shimoni ili wadogo zako wasome, unawapenda. Basi leo jioni, kabla ya kuomba mama sufuria, mwambie kile ulichosoma hapa.