Tairi pana kwenye rimu za kiwandani: dereva wa Arua na Koboko ajue nini kabla ya kununua?

Kabla jua halijapanda jijini Arua, magari madogo yanayobeba abiria kwenda Koboko huwa yameshaanza kujaza. Mizigo hupangwa kwenye buti, mingine hufungwa juu, na mara nyingi idadi ya abiria huzidi ile aliyoikusudia mtengenezaji wa gari. Mbele yao kuna takriban kilomita 55 za lami. Baadhi huendelea hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Wengine, wakifika Koboko, hugeuza usukani kuelekea mashariki, upande wa Yumbe na Moyo, kwenye njia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe na udongo mwekundu, na ambayo malori yamekuwa yakiipita kwa wingi tangu kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ilipofunguliwa mwaka 2016.

Gari linalofanya kazi hiyo kwa kawaida ni Toyota iliyotumika Japani kabla ya kuletwa Uganda: Corolla, Premio, Allion na jamaa zake. Liliundwa kwa ajili ya barabara laini na familia ya watu wanne. Ndiyo maana swali moja halikauki kwenye vibanda vya mafundi wa matairi: je, gari likivalishwa matairi mapana zaidi kwenye rimu zake zilezile, litasimama juu zaidi, litastahimili mashimo, litashika barabara vizuri zaidi?

Jibu fupi ni kwamba faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na ukivuka kiwango fulani faida hiyo hugeuka kuwa hatari kwa kila aliyeketi ndani.

Tarakimu za ubavuni zinasema nini?

Chukua tairi lililoandikwa 195/65R15 91H, saizi inayopatikana kwenye Corolla nyingi. Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 65 si milimita, na hapa ndipo wengi hupotea: ni asilimia. Inaeleza kwamba kimo cha ukuta wa tairi, kutoka kwenye rimu hadi sehemu inayokanyaga barabara, ni asilimia 65 ya ule upana. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwishoni, 91 ni daraja la uzito na H ni daraja la mwendo.

Kwa kuwa kimo ni asilimia ya upana, mtu akiongeza upana bila kubadili ile tarakimu ya kati, anaongeza kimo pia, hata kama hakukusudia. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634.5. Lile la 205/65R15 lina milimita 647.5, yaani ongezeko la milimita 13, au asilimia 2. La 215/65R15 hufika milimita 660.5, ongezeko la asilimia 4. Kwa upande mwingine, 205/60R15 ni pana zaidi lakini fupi zaidi: milimita 627 tu. Dereva anayetaka gari liinuke akauziwa tairi hilo kwa sababu "ni pana", atakuwa ameliteremsha gari lake.

Na hata anayepata lile refu asitarajie makubwa. Nusu tu ya ongezeko la kipenyo ndiyo inayoinua gari, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Milimita 13 za kipenyo huinua tumbo la gari kwa milimita 6.5, unene usiofika hata ule wa kidole kidogo. Jiwe lililokuwa likigonga sampu jana litaigonga na kesho. Chanzo cha gari kulala chini mara nyingi ni springi zilizochoka na shokapu zilizokufa, na fedha inayotumika kununua matairi mapana pengine ingefanya kazi nzuri zaidi huko.

Rimu nayo ina mipaka yake

Rimu ya inchi 15 ya Corolla nyingi ina upana wa inchi 6. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu inaoruhusiwa kukaliwa, kwa mujibu wa viwango wanavyofuata watengenezaji. Tairi la 195/65R15 hukubali rimu ya kuanzia inchi 5.5 hadi 7. Tairi la 205, liwe la 65 au la 60, huanzia 5.5 hadi 7.5. Kwa hiyo yote hayo hukaa bila shida kwenye rimu ya inchi 6. Lakini la 215 huanzia inchi 6, maana yake rimu ya kiwandani iko ukingoni kabisa mwa kinachoruhusiwa.

Tairi likikaa kwenye rimu nyembamba kuliko linavyopenda, kuta zake hubinywa chini na kutumbuka katikati, mfano wa gunia lililofungwa shingoni. Uso wake huinuka katikati, hivyo kashata za katikati huisha kabla ya za pembeni. Kwenye kona, gari huyumba juu ya kuta hizo kabla ya kutii usukani. Kwa mwendo wa polepole mjini dereva anaweza asihisi chochote. Kwa kilomita 80 kwa saa, anapokwepa mbuzi kwenye lami ya Koboko, atahisi.

Kipo pia kisa cha nafasi. Kuongeza milimita 10 za upana kwenye rimu ileile ni kuongeza milimita 5 kuelekea ndani, iliko shokapu, na 5 kuelekea nje, liliko madigadi. Milimita 5 huvumilika kwa magari mengi. Tatizo ni kwamba vipimo vya karakana huchukuliwa gari likiwa tupu na usukani ukiwa umenyooka. Gari lenye abiria sita na magunia mawili nyuma hukaa chini zaidi, na likiingia shimo, springi hujikunja hadi mwisho. Hapo ndipo tairi hugusa. Ukingo wa madigadi ni bati kali. Unaweza kuukata ukuta wa tairi kidogo kidogo, safari baada ya safari, hadi siku linapasuka. Ukuta wa tairi, tofauti na uso wake, hauzibiki kwa usalama, hata fundi wa pancha awe hodari namna gani.

Lami, changarawe na matope

Wengi huamini kwamba tairi pana hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, hivyo hushika zaidi. Ukweli umejipinda kidogo. Eneo linalogusa barabara hutegemea zaidi uzito wa gari na kiasi cha upepo kilichomo ndani ya tairi. Upana hubadilisha hasa umbo la eneo hilo: huwa pana na fupi, badala ya jembamba na refu. Kwenye lami kavu umbo hilo husaidia katika kona. Kwenye maji mengi huleta hasara, kwa sababu tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni na huelea mapema zaidi. West Nile hunyesha kwa miezi mingi ya mwaka, na mvua ya mchana wa Agosti au Septemba haimwombi dereva ruhusa.

Kwenye mchanga laini tairi pana huzama kidogo. Kwenye utelezi wa udongo mwekundu mambo hugeuka: tairi jembamba hukata tope na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini, pana hubaki juu likiteleza. Wazee walioendesha gari huko kabla ya lami kufika hawatashangaa kusikia hivyo.

Ukuta mrefu ndio ulio na manufaa kwa njia hizi, kuliko upana wenyewe. Ukuta wenye mpira wa kutosha humeza mshindo wa shimo na kuilinda rimu isipinde. Kwa sababu hiyo dereva wa Koboko anayeziona rimu kubwa za kung'aa zenye tairi jembamba kama mkanda angefanya vyema kupita upande wa pili.

Uzito haudanganyiki

Daraja la 91 linamaanisha tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. La 94, ambalo hupatikana kwenye 205/65R15, ni kilo 670. Wapo wanaohesabu kwamba kwa matairi manne gari limepata nafasi ya kilo 220 zaidi. Halijapata. Breki, springi, bearingi na ekseli ni zilezile. Daraja la juu lina faida yake kwa gari linalolemewa, kwa kuwa tairi huchemka kidogo, ila halilibadilishi gari dogo kuwa pikapu. Kisichokubalika kamwe ni kushuka chini ya daraja la kiwandani kwa sababu tairi pana lilipatikana kwa bei nafuu.

Matairi ya mitumba na kilichoandikwa kwa lugha nyingine

Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini matairi yanayouzwa yakiwa yametumika ni habari tofauti. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lililokaa miaka kumi limekauka, na nyufa ndogo za ubavuni ndizo ushahidi wake. Jingine la kuepuka ni lile lenye neno STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji la Japani. Mpira wake ni laini kwa makusudi, na katika joto la Arua huisha haraka huku likilegea kwenye kona.

Kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva hutaja saizi ya kiwandani na upepo unaotakiwa. Maandishi yake huwa ya Kijapani, lakini tarakimu hazina lugha. Palipoandikwa 220 kPa, ni takriban 32 kwenye geji ya fundi.

Mwenye rimu ya inchi 6 na tairi la 195/65R15, basi, akitaka kupanua, 205/65R15 ndilo chaguo lenye busara: linakaa vizuri kwenye rimu, linaongeza ukuta kwa milimita 6.5, na kosa la spidomita ni dogo. Sindano ikisoma 80, gari linakwenda karibu 82. Kwa 215/65R15 lingekwenda zaidi ya 83. Abadili yote manne, na la spea pia kama mfuko unaruhusu, kwa sababu magurudumu mawili ya ekseli moja yenye vipenyo tofauti huifanya difu ifanye kazi muda wote hata barabarani palipo nyoofu.

Kabla ya kulipa, wakae watu wanne ndani, usukani ukatwe hadi mwisho kushoto na kulia, na mtu achungulie nafasi iliyobaki. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Koboko na kurudi, nati zikazwe tena na ndani ya madigadi pamulikwe kwa tochi. Tairi linalogusa huacha mstari mweusi unaong'aa. Ukionekana, yarudishwe yale ya 195.