Nani ni Mtu wa Nyumba Hii?

Huko Marekani watu wengi hawangoji tena saa iliyopangwa na stesheni ya televisheni ili watazame sinema. Hulipa ada ya kila mwezi kwa kampuni fulani, nayo huwaletea filamu nyumbani kwa njia ya intaneti, saa yo yote wapendayo. Jambo lenyewe laonekana jepesi. Lakini limezaa swali ambalo sisi, watu wa jamaa kubwa, twalijua sana: nani ahesabiwe kuwa mtu wa nyumba hii?

Yafaa tujue asili yake. Netflix ilianzishwa California mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph. Hapo kwanza ilikodisha filamu kwa posta, zikiwa katika zile santuri ndogo ziitwazo DVD. Mwaka 2007 ikaanza kuzipeleka kwa intaneti. Miaka ile maduka ya namna hii yalikuwa machache, na wenye studio za sinema waliridhika kuyauzia filamu zao. Mwaka 2011 ada ya Netflix ilikuwa karibu dola 8 kwa mwezi, na mtu alipata humo mambo mengi sana.

Lakini mwenye kuuza unga, akiona mwoka mikate anatajirika, naye atataka kuoka. Agosti 2017 Disney ilitangaza kwamba itaziondoa filamu zake na kufungua duka lake yenyewe. Apple ikafungua lake tarehe 1 Novemba 2019. Disney ikafuata siku 11 baadaye. HBO Max ikaja Mei 2020, Peacock Julai mwaka ule ule, Paramount+ Machi 2021. Kila mmoja akakusanya vilivyo vyake: mchezo wa Friends ukahamia HBO Max, na The Office ukaenda Peacock. Basi jamaa iliyokuwa ikilipa mahali pamoja ikajikuta yadaiwa mahali patatu au panne kwa michezo ile ile ya zamani. Wala si wote waliofanikiwa. Quibi ilikusanya dola milioni 1,750, ikafungua mlango Aprili 2020, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekwisha fungwa.

Tena bei hazikutulia. Disney+ ilianza kwa dola 6.99, Oktoba 2025 ada yake isiyo na matangazo ya biashara ilifika dola 18.99. Netflix nayo ilifika dola 17.99 Januari 2025.

Watu wakafanya nini? Wakasaidiana. Mama analipa duka moja, binti yake aliyeolewa mji mwingine analipa jingine, nao wanabadilishana maneno ya siri ya kufungulia. Kampuni hazikukasirika wakati ule. Mwaka 2017 Netflix yenyewe iliandika mbele ya watu wote kwamba upendo ni kushiriki neno la siri!

Upendo huo haukudumu. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2022 Netflix ilipoteza wateja 200,000. Ikahesabu, ikaona kwamba nyumba milioni 222 zinalipa, na nyumba nyingine zaidi ya milioni 100 zinatazama kwa neno la siri la wengine. Mei 2023 ikawaambia Wamarekani: neno la siri ni la wanaokaa pamoja katika nyumba moja; aliye nje aongezewe dola 7.99 kwa mwezi, au ajilipie mwenyewe. Kampuni huwatambua walio nje kwa kuangalia vyombo vyao na njia ya intaneti wanayoitumia. Kanuni hiyo imeenezwa katika nchi nyingi, na Septemba 2024 Disney+ ikaanza kuwabana wateja wake vivyo hivyo.

Hatusemi kwamba kampuni haina haki. Filamu ina gharama. Waigizaji na waandishi hula kwa kazi hiyo. Lakini tazameni kipimo chenyewe. Hakiulizi nani ni mzazi wa nani, wala nani anamlisha nani. Chauliza tu nani analala chini ya paa lile. Watu wanne wasio ndugu waliopanga nyumba moja ni jamaa. Nyanya anayetunzwa na wajukuu, lakini anakaa mji mwingine, si jamaa.

Nasi habari hii yatukaribia. Juni 2025 Canal+ ilipatana na Netflix ili filamu zake ziuzwe pamoja na stesheni zake katika nchi 24 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Baba anayefanya kazi katika machimbo ya Kolwezi, na mke na watoto wako Bukavu, ataiita nyumba yake moja, kwa kuwa mshahara ni mmoja na mezani ni pamoja kila arudipo likizo. Kwa hesabu ya kampuni, hizo ni nyumba mbili.