TAHADHARI KWA WENYE MIZIGO NA MADEREVA: KIUNGO CHA TELA

Wizara inapenda kuwakumbusha madereva, utingo, maafisa usafirishaji na wananchi wenye mizigo Tanzania Bara juu ya usalama wa kiungo cha gari na tela.

Huenda mtu akauliza: visiwani matela ni machache, yatuhusu nini? Jawabu ni kuwa saruji tujengeayo haikamiliki bila jasi, nayo huchimbwa Makanya, wilayani Same, chini ya Milima ya Upare. Hupakiwa magarini na kupelekwa viwandani kwa barabara kuu ipitayo Mombo na Korogwe. Barabara hiyo hiyo hupita mabasi ya wenzetu waendao Moshi na Arusha. Tela likichomoka halina usukani wala dereva, na anayekutana nalo hana pa kukimbilia.

Kiungo kilivyo

Nyuma ya kichwa cha gari ipo sahani nzito ya chuma yenye taya katikati. Chini ya tela ipo pini nene, iitwayo kingipini. Ile itumikayo zaidi huwa na kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya. Gari linaporudi nyuma, taya huifumbata pini na komeo hujifunga. Mzigo wote huvutwa kwa pini hiyo moja.

Matunzo

Uwanda wa Same ni mkavu. Vumbi la njia na unga wa jasi hunasa katika grisi, ikawa kama msasa. Kwa hiyo kupaka grisi mpya juu ya chafu si matengenezo. Ya zamani iondolewe yote, nyufa na boliti zikaguliwe, ndipo ipakwe mpya. Pini iliyolika ikafikia milimita 49 itolewe. Tofauti hiyo haifiki milimita 2, wala jicho haliioni. Fundi apime kwa kipimio. Pini isijazwe kwa kuchomelea, maana moto hudhoofisha chuma chake.

Namna ya kuunga

1. Egesha pahali tambarare. Kaza breki za tela na tia kabari.

2. Tela liwe chini kidogo kuliko sahani, ili sahani iliinue. Likiwa juu mno, pini huweza kupita juu ya taya na kiungo kikaonekana kimefunga.

3. Rudi taratibu mpaka komeo lifunge, kisha vuta mbele kidogo kujaribu.

4. Zima injini, shuka, uchungulie kwa kurunzi. Pasiwe na mwanya kati ya sahani na tela. Taya ziwe zimefumbata shingo ya pini. Mkono wa komeo uwe umerudi ndani na kuzuiwa.

5. Unganisha mipira ya upepo na nyaya za umeme, kisha pandisha miguu ya tela.

Hatua ya nne ndiyo rahisi kurukwa, nayo ndiyo inayookoa roho. Mlio wa komeo huweza kudanganya, na hata jaribio la kuvuta halitoshi peke yake. Gari lililolala Same likaguliwe upya asubuhi, kwani mkono wa mtu huweza kulifungua komeo usiku.

Maafisa usafirishaji na wenye mizigo wanaombwa wasimharakishe dereva anapokagua. Dereva wa visiwani naye aelewe kuwa awapo huko yuko chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara, Sura ya 168.

Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Na tela ni vivyo hivyo.