Posho Si Zawadi: Mambo Yanayofuatana na Kadi ya Chakula



Hapa Masese, na vilevile kwa wenzetu wa mashamba ya miwa na wale wa viwanda vya Mbale, kuna maneno ambayo manyapara hupenda sana kuyasema. Mtu akiuliza habari ya likizo au ya matibabu, anajibiwa: "Wewe unakula posho ya kampuni, chumba umepewa, sukari unauziwa kwa bei ya kiwandani, bado unataka nini tena?" Wengi wetu husikia maneno hayo wakanyamaza, maana mla cha mtu huona haya. Lakini hesabu hiyo imegeuzwa kichwa chini. Chakula unachopewa kazini hakikuondolei haki nyingine hata moja. Kinyume chake, kipo katika mambo ambayo sheria huyahesabu inapotaka kujua unastahili nini, na kadi yake ni ushahidi mzuri kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kwanza tukumbuke posho ilitoka wapi. Neno hili ni la zamani. Lilikuwa chakula cha wapagazi wa misafara, kikipimwa kwa kibaba. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilipoanza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930, watu walitoka West Nile, Rwanda na Burundi kuja kukata miwa. Hawakuwa na shamba huku, wala jiko. Mwajiri aliwapa unga na maharage, akawajengea laini za kulala, kwa sababu bila hivyo miwa isingekatwa. Sikatai kwamba huenda wako waliokuwa na huruma, lakini unga ule uliandikwa katika hesabu ya gharama za kazi, pamoja na mafuta ya mashine. Ulikuwa sehemu ya ujira tangu siku ya kwanza.

Baadaye, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na viwanda vingi kudorora, sukari, chumvi na sabuni vikawa adimu. Wazee wa Jinja wanaikumbuka vizuri enzi ya magendo. Mfanyakazi aliyepewa mgao wa sukari kwa bei ya serikali aliweza kuuza kilo moja nje ya lango kwa bei ya mara nyingi zaidi, na kwa hiyo watu waliishi kwa mgao, mshahara ukabaki jina tu. Kwa maoni yangu jambo hilo lilitudhuru kwa miaka mingi. Tulizoea kugombania mgao na tukasahau kugombania mshahara. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo hazinunui hata kilo tano za unga. Na Bunge lilipopitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Ndiyo maana sahani ya posho na maharage ni jambo kubwa kwetu, na ndiyo maana inafaa kujua uzito wake katika sheria.

Tuanze na ajali, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi bila kujua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, au akilemaa kabisa asiweze kufanya kazi tena, fidia yake ni mapato ya miezi 60. Sasa neno la kulitazama ni hilo "mapato". Halina maana ya noti tu ulizotia mkononi. Sheria inahesabu pia thamani ya chakula, ya kuni au makaa, na ya nyumba aliyokupa mwajiri, ikiwa kwa sababu ya ajali umevikosa. Hata malipo ya saa za ziada yanahesabiwa kama yalikuwa ya kawaida kila mwezi.

Tuchukue mfano. Tuseme mtu anapata shilingi 180,000 kwa mwezi, na posho anayopimiwa, kwa bei ya soko la Jinja, ina thamani ya shilingi 40,000. Karani akihesabu mshahara peke yake, miezi 60 inatoa shilingi 10,800,000. Akihesabu pamoja na posho, inatoa 13,200,000. Tofauti ni shilingi 2,400,000, fedha za kununua ng'ombe au kumaliza nyumba ya bati kijijini. Na hapo bado hatujaingiza chumba. Aliyelemaa kwa sehemu tu, kwa mfano aliyekatika vidole, hupata asilimia ya hesabu hiyohiyo, kwa hiyo naye anapunjwa posho yake ikiachwa nje. Nimeona karatasi za fidia ambamo chakula hakikuandikwa kabisa, na mjane akatia dole gumba kwa sababu hakuna aliyemwambia. Msikubali kutia sahihi wala dole kabla mjumbe wa chama hajaitazama karatasi. Jambo jingine la kushika: mwajiri apewe habari ya ajali katika muda wa mwezi mmoja. Usingoje jeraha lipone ndipo useme.

Ugonjwa nao una mlango wake. Sheria ya Ajira iliyopitishwa mwaka 2006 inasema kwamba aliyefanya kazi mwezi mmoja na zaidi, akiugua, atalipwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa mshahara wote pamoja na kila faida nyingine iliyomo katika mkataba wake. Yaani, kama mkataba unasema utapewa unga kilo kadhaa kwa wiki, unga huo hausimami kwa sababu umelala hospitali. Mke au mtoto aende na kadi dirishani akachukue. Karani akisema "mwenye kadi hayupo kazini", jibu ni kwamba hayupo kwa ruhusa ya sheria. Lakini ni lazima uwe umetuma habari kwamba unaumwa, na ukiulizwa cheti cha daktari uwe nacho.

Angalieni maneno yale, "iliyomo katika mkataba". Hapa ndipo penye ugumu wote. Posho nyingine imeandikwa katika mapatano kati ya chama na kampuni. Hiyo ina nguvu. Nyingine imo katika barua ya kuajiriwa ya mtu mmoja mmoja. Nyingine haikuandikwa popote, ni desturi tu, ilianza wakati wa meneja fulani na huenda ikafa wakati wa meneja mwingine. Hali ni hiyohiyo kwa sukari ya bei ya kiwandani, kwa vitambaa vyenye kasoro ambavyo viwanda vya nguo huwauzia wafanyakazi, kwa lori la kuwapeleka watoto shuleni na kwa dawa za zahanati ya kampuni. Kwa hiyo tunapokwenda kuzungumza na mwajiri, kazi ya kwanza si kuomba kitu kipya. Kazi ya kwanza ni kuviandika vile ambavyo tayari tunavipata: ni kilo ngapi, kila siku gani, kwa nani, na kama vinaendelea wakati wa likizo. Mwajiri mzuri hakatai kuandika anachotoa kila wiki. Anayekataa ametuonyesha anachofikiria.

Sasa habari ya duka. Penye laini za wafanyakazi mara nyingi pana duka ambapo mwenye kadi anakopeshwa mafuta ya taa, sabuni na dagaa, kisha deni linakatwa mwisho wa mwezi. Wapo wanaofika dirisha la mshahara wakapewa senti za kununulia kiberiti. Mkataba wa kimataifa juu ya kulinda mishahara, nambari 95 wa mwaka 1949, uliotungwa huko Geneva na ambao Uganda imeukubali, unasema mfanyakazi asilazimishwe kutumia duka la mwajiri. Na pale ambapo hakuna duka jingine karibu, bei iwe ya haki, isiwe mtego wa faida. Mkataba huohuo unaruhusu sehemu ya ujira kutolewa kwa vitu, lakini viwe vitu vya kumfaa mfanyakazi na jamaa yake, na bei yake ihesabiwe kwa haki. Pombe kali umeikataza kabisa isiwe malipo ya kazi, kwa hali yoyote ile. (Nadhani walioandika walikuwa wamesikia habari za waragi.)

Ili ujue kama unakatwa kwa haki, dai karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira inataka kila malipo yaje na karatasi inayoonyesha mshahara, kila kato na sababu yake, tena kwa lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa. Kama hujui Kiingereza, si aibu yako. Ni juu ya mwajiri. Makato yanayoruhusiwa ni machache: kodi, akiba ya uzeeni, ada ya chama, kodi ya nyumba iliyo ya kadiri na uliyoikubali, na mengine machache ya namna hiyo. Akiba ya NSSF ni asilimia 5 kutoka kwako na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, na ile 10 haitoki mfukoni mwako hata kidogo. Mwajiri mmoja, simtaji, alikuwa akikata bei ya mabuti ya mpira na glavu, akaandika "vifaa". Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, havikatwi. Wala hapana ruhusa ya kukata fedha kumlipa mtu aliyekutafutia kazi, au nyapara anayekuwekea nafasi. Nyapara anayechota kibaba katika posho ya watu wake "kwa ajili ya kazi" anafanya jambo hilohilo kwa unga.

Na chakula kinachopikwa na kuliwa kiwandani, kama wafanyakazi wote wa kudumu wanakipata sawasawa, sheria ya kodi ya mapato haikihesabu kuwa mapato ya kutozwa. Ukiona neno "meal" limeingizwa katika hesabu ya kodi yako, uliza.

Nimeacha vibarua mpaka sasa kwa makusudi, kwa maana wao ndio wengi, hasa katika miwa na katika samaki hapa ziwani. Kibarua wa leja-leja huambiwa hana haki yoyote kwa sababu hana barua. Lakini kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kuwa kibarua kupita miezi minne. Akimaliza miezi minne mfululizo si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mfanyakazi. Shida ni kuonyesha kwamba amefanya kazi miezi hiyo. Daftari la mahudhurio linakaa kwa karani, na kurasa zake huwa na miguu. Basi tazama kadi yako ya posho. Ina tarehe, ina alama ya kila siku uliyochukua chakula, na hakuna kampuni inayompa unga mtu asiyemfanyia kazi. Kadi nne za miezi minne ni maneno mazito mbele ya Ofisa wa Kazi wa wilaya au wa jiji.

Nchi nyingine wanalijua jambo hili la karatasi moja kufungua mlango wa pili. Marekani, ambako serikali imekuwa na sheria ya kuwasaidia maskini kununua chakula tangu mwaka 1964, mtu mwenye kadi ya msaada huo halazimiki kila mara kuanza upya kueleza umaskini wake. Kadi hiyo yatosha kumpatia punguzo la gharama ya simu, watoto wake wakapata chakula cha shule bila malipo, na majumba mengi ya makumbusho yanamwingiza kwa senti chache. Wao msaada ni wa serikali na wetu ni ujira, si kitu kimoja. Lakini desturi ya kutunza kadi na kuuliza "hii yanipa nini kingine?" tungeweza kuiiga bila gharama.

Limebaki la kurudi nyumbani, ambalo wenzetu waliotoka West Nile na Karamoja huniuliza. Mtu aliyeajiriwa kufanya kazi mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, mkataba ukiisha, au akiachishwa kwa ugonjwa au ajali, anastahili kurudishwa alikoajiriwa kwa gharama ya mwajiri. Na aliyetumika miaka 10 anarudishwa hata kama hakuajiriwa mbali. Kama jamaa yake ililetwa na mwajiri, nayo inarudishwa, hata mwenyewe akiwa amekufa. Siku ya kuachishwa watu huondolewa katika laini, posho inafungwa, na kwa njaa mtu anauza sufuria apate nauli ambayo si deni lake.

Wenye kadi za posho za miezi iliyopita wasizitumie kuwashia jiko. Wazilete kwa mjumbe wa chama katika idara yao, zinakiliwe tarehe kwa tarehe, kisha kila mtu arudishiwe yake. Waliopata ajali tangu mwaka jana na wakalipwa, nao walete karatasi zao za fidia tutazame kama chakula kilihesabiwa.